Kompyuta Moja, Tovuti Tatu: Kila Shilingi Ifike Duka Lake

Ukinunua tokeni za stima kwa simu, unaandika Paybill 888880, kisha unaandika namba ya mita yako mahali pa akaunti. Jirani yako naye anaandika 888880 hiyo hiyo, ila mita ni yake. Paybill ni moja, wanaolipa ni wengi ajabu, na bado tokeni zako haziendi kwa jirani. Kinachotenganisha ni ile namba ya akaunti. Ukikosea tarakimu na zikaangukia mita ya mtu mwingine, basi umewasha taa za watu huku kwako ni giza.

Kama hilo unalielewa, somo la leo umeshalijua nusu. Tunataka kuona jinsi kompyuta moja inavyobeba tovuti kadhaa kwa wakati mmoja, na hasa nini hutokea kwa malipo ya wateja tovuti hizo zikichanganyikana.

Tuseme una biashara sokoni Kongowea. Una meza ya nazi, una kibanda cha mitumba, na mdogo wako anapelekea mahoteli ya Nyali na Bamburi viazi na vitunguu. Ni biashara tatu zenye wateja watatu tofauti. Mpishi wa hoteli anayetafuta magunia mawili ya viazi hataki kupitia picha za suruali kwanza. Kwa hivyo unataka tovuti tatu. Hapo sasa fundi anakwambia, "Bosi, tovuti tatu ni seva tatu, lipa mara tatu." Usitoe pesa bado. Soma kwanza.

Seva ni nini hasa

Watu wakisikia seva hufikiria chumba chenye baridi kali na mashine zinazowaka taa za kijani. Seva ni kompyuta yoyote yenye programu inayosubiri kuulizwa na kujibu. Laptopu yako ya dukani inaweza kuwa seva. Programu maarufu za kazi hiyo ni Apache, ambayo imekuwepo tangu 1995, na Nginx. Kwa anayeanza kwenye Windows, njia nyepesi ni kuweka XAMPP, kifurushi cha bure kinacholeta Apache pamoja na hifadhidata yake.

Kila kompyuta kwenye mtandao ina anwani ya namba, inayoitwa anwani ya IP. Hiyo ndiyo Paybill yetu. Zamani, intaneti ilipokuwa changa, tovuti moja ilihitaji anwani yake peke yake, kwa sababu kivinjari kilipogonga mlango kilisema tu, "Nipe ukurasa wa kwanza." Hakikusema ukurasa wa kwanza wa nani. Kompyuta yenye tovuti tatu ingejuaje? Na anwani hizo za mtindo wa kawaida ni kama bilioni 4.3 tu duniani kote, kwa hivyo mambo hayangeenda mbali hivyo.

Dawa ilipatikana katika kanuni mpya za mawasiliano ya wavuti zilizochapishwa Januari 1997. Kanuni hizo zililazimisha kivinjari kutaja, katika kila ombi, jina la tovuti kinayoitafuta. Ni mstari mmoja tu, unaanza na neno Host. Yaani tangu hapo kila ombi linafika na akaunti namba yake. Seva inasoma jina, inachagua folda, inatoa ukurasa. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti kwa bei nafuu zinafanya hivi hivi: mashine moja, anwani moja, mamia ya tovuti za watu tofauti. Kwa hivyo fundi wa "seva tatu" anakuuzia milango mitatu ya nyumba moja.

Tuanze kazi

Kwanza folda. Watu wengi hukimbilia hatua zinazofuata na kudharau hii, na baadaye inawagharimu. Fungua folda moja iitwayo biashara, na ndani yake tatu: nazi, mitumba, viazi. Ndani ya kila moja weka mbili: wazi na siri. Kwenye wazi kutakaa kurasa na picha ambazo ulimwengu wote unaruhusiwa kuona. Kwenye siri kutakaa funguo za malipo, neno la siri la hifadhidata, na orodha za wateja. Seva utaionyesha wazi peke yake. Faili la funguo likiwa ndani ya folda ambayo seva inaigawa kwa wageni, kuna siku mgeni atabahatisha jina la faili hilo na seva itampa bila kumuuliza kitu.

Pili, majina. Kwa majaribio tumia majina yanayoishia na .test, mfano nazi.test. Mwisho huo umetengwa rasmi kwa majaribio tangu 1999, hakuna mtu atakayeusajili ukagongana naye. Usitumie .dev hata kama umeona wengine wakiutumia. Siku hizi ni mwisho wa kweli, na vivinjari vinaudai uwe na kufuli, kwa hivyo utahangaika bure.

Kompyuta yako haijui nazi.test ni nani, lazima uiambie. Fungua Notepad kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, kisha ufungue faili liitwalo hosts lililo ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Mwisho wake ongeza:

127.0.0.1 nazi.test
127.0.0.1 mitumba.test
127.0.0.1 viazi.test

Hiyo 127.0.0.1 maana yake ni "mimi mwenyewe". Kila kompyuta ikiitamka inajizungumzia. Likumbuke hilo, tutalirudia tukifika kwenye malipo.

Tatu, iambie Apache jina gani linaenda folda gani. Ndani ya folda ya XAMPP nenda apache, conf, extra, ufungue faili httpd-vhosts.conf. Ongeza hivi:

<VirtualHost *:80>
  ServerName localhost
  DocumentRoot "C:/xampp/htdocs"
</VirtualHost>

<VirtualHost *:80>
  ServerName nazi.test
  DocumentRoot "C:/biashara/nazi/wazi"
  <Directory "C:/biashara/nazi/wazi">
    Require all granted
  </Directory>
</VirtualHost>

Kipande cha pili kirudie kwa mitumba na viazi, ukibadilisha jina na folda. ServerName ni akaunti namba. DocumentRoot ni mahali bidhaa zilipo. Mstari wa Require unaipa Apache ruhusa ya kugawa vilivyomo. Ukiusahau utaona ujumbe wa kukataliwa, na watu hukaa usiku mzima wakitafuta kosa mahali pengine.

Hifadhi, zima Apache kwenye XAMPP, iwashe tena. Ikikataa kuwaka, mara nyingi ni alama moja uliyoiacha, au programu nyingine imeshaukalia mlango namba 80. Ikiwaka, andika http://nazi.test kwenye kivinjari. Halafu mitumba.test. Halafu viazi.test. Maduka matatu, laptopu moja, na hujalipa mtu shilingi.

Anayetajwa kwanza hupokea wasio na pa kwenda

Umeona tumeanza orodha na localhost, ambayo wala si duka. Kuna sababu. Ombi likifika na jina ambalo halimo kwenye orodha, Apache haisemi "huyu simjui". Inalipeleka kwa wa kwanza kwenye orodha. Ungeanza na nazi, kila ombi lililopotea lingeangukia dukani kwa nazi.

Jaribu uone. Chukua simu yako iliyo kwenye waifai ile ile ya laptopu, uandike nazi.test. Haitafungua, kwa sababu lile faili la hosts ulilibadilisha kwenye laptopu, simu haina habari nalo. Sasa andika kwenye simu namba ya laptopu yako, ile inayoanza na 192.168. Ikiwa kinga ya Windows haijaizuia, utapata ukurasa wa XAMPP. Kwa nini si nazi? Kwa sababu simu haikutaja jina la duka, imetaja namba tu. Imelipa Paybill bila kuandika akaunti.

Malipo nayo yana tabia hii hii. Paybill ya biashara inaweza kuwekwa ikague akaunti namba kabla ya kukubali pesa, au ikubali chochote kile mteja alichoandika. Nyingi hazikagui. Mteja akiandika "viazi" badala ya namba ya oda, au jina la mama yake, pesa inaingia, na kazi ya kutafuta ni ya nani inabaki kwako jioni ukiwa umechoka.

Hapa ndipo pesa hupotea njia

Tovuti zako tatu zinatumia Paybill moja, jambo la kawaida kabisa. Duka la nazi lina oda namba 41 ya shilingi 1,200. Duka la mitumba nalo, kwa sababu linahesabu kivyake, lina oda namba 41, ya shilingi 12,000. Mteja wa nazi analipa. Ujumbe wa malipo unakuja ukisema akaunti 41. Tovuti ya mitumba ikiwa ndiyo iliyosikia kwanza, na haikuangalia kiasi, inaandika "imelipwa" na kijana wako anafungasha mzigo wa 12,000 kwa pesa ya nazi. Hakuna aliyeiba. Kompyuta imefanya ilivyoambiwa.

Kinga ya kwanza ni rahisi mno: kila duka liwe na herufi yake. N41, M41, V41. Kwa wanaotumia Daraja ya Safaricom, nafasi ya akaunti katika ombi la malipo inabeba hadi herufi na tarakimu 12, kwa hivyo nafasi ipo. Kinga ya pili, linganisha kiasi kilicholipwa na kiasi cha oda, kila mara, hata kama unamjua mteja.

Ya tatu inawashinda hata mafundi. Tovuti ikituma ombi ili simu ya mteja iombe PIN, mfumo hujibu papo hapo ukiwa na namba 0. Wengi wakiona sifuri hiyo hufurahi na kuandika oda imelipwa. Sifuri hiyo inasema tu ombi limepokelewa. Mteja hajagusa simu bado. Jibu la malipo linakuja baadaye, kwenye anwani ya majibu uliyoitoa, na lina namba yake: 0 ni amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi. Mtu akijua tovuti yako inachanganya sifuri hizi mbili, ataagiza, ataghairi, na atapelekewa mzigo.

Jibu la kwanza pia lina kitambulisho cha ombi, CheckoutRequestID. Kihifadhi pamoja na oda. Jibu la baadaye likija na kitambulisho ambacho hukukitoa wewe, usiliamini, maana mtu yeyote akiijua anwani yako ya majibu anaweza kuiandikia barua ya uongo kwamba amelipa. Ukiwa na shaka, uliza mfumo wenyewe hali ya muamala kabla ya kutoa bidhaa.

Anwani za majibu ziwe tatu, moja kwa kila duka. Lakini kuna jambo la kuangalia: mteja akilipa mwenyewe kupitia menyu ya simu, bila kuanzia kwenye tovuti, taarifa za Paybill moja huenda kwenye anwani moja iliyosajiliwa kwa Paybill hiyo. Hapo unahitaji karani mmoja wa kupokea, yaani ukurasa mdogo unaosoma herufi ya mwanzo ya akaunti na kupeleka taarifa N kwa nazi, M kwa mitumba, V kwa viazi. Isiyo na herufi iende kwenye orodha ya kuangaliwa na binadamu. Isiende kwa wa kwanza.

Laptopu ya dukani haipati majibu

Ukijaribu malipo ukiwa bado kwenye nazi.test, ombi litaenda, simu inaweza hata kuomba PIN, lakini jibu halitarudi. Sababu ni ile 127.0.0.1. Mfumo wa malipo hauna faili lako la hosts; kwake nazi.test si kitu. Na hata ukiupa namba ya 192.168, hizo ni namba za ndani ya nyumba yako, kama "chumba cha pili kulia". Haziwezi kuelekeza mtu aliyeko Nairobi.

Kuna wanaodhani kwa kuwa Mombasa ndiko nyaya za baharini zinakotua, TEAMS na SEACOM 2009, EASSy 2010, basi sisi wa huku tuko karibu na mlango. Mlango uko karibu, ndiyo, lakini laini nyingi za nyumbani na za simu huwekwa nyuma ya anwani moja inayoshirikiwa na wateja wengi. Wewe unaweza kutoka. Aliye nje hana namna ya kukufikia moja kwa moja.

Kwa majaribio watu hutumia mfereji wa muda kama ngrok, unaokupa jina la nje na kuelekeza maombi kwenye laptopu yako. Ukiutumia na tovuti tatu utakutana na kituko: kila kitu kinaangukia localhost. Umeshajua kwa nini. Ombi limekuja na jina la mfereji, na jina hilo halimo kwenye orodha yako. Liongeze kwenye kipande cha duka unalolijaribu, kwa mstari wa ServerAlias, na mambo yatakaa sawa. Mfereji huu ni wa kujaribu tu. Siku ya kuuza kweli unahitaji anwani ya kudumu yenye kufuli, jina lako lililosajiliwa, mfano la .co.ke linalosimamiwa na KeNIC, na seva isiyozimika stima ikipotea sokoni. XAMPP yenyewe haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hifadhidata yake huja na msimamizi mkuu asiye na neno la siri kabisa.

Ukihamia kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti, kifurushi kimoja kwa kawaida kinatosha kwa tovuti zote tatu, mradi kinaruhusu majina zaidi ya moja. Uliza hilo kabla ya kulipa. Uliza pia kama kila tovuti inaendeshwa na mtumiaji wake. Tovuti tatu zikiendeshwa na mtumiaji mmoja, mwizi akipita kwenye ile ya mitumba uliyoiacha mwaka mzima bila kuisasisha, anafika mpaka folda ya siri ya nazi. Kila duka lipe hifadhidata yake, mtumiaji wake wa hifadhidata, na neno lake la siri.

Na wewe unayelipa tu

Huenda huna duka, ila unanunua mtandaoni. Somo hili linakuhusu bado, kwa sababu kama kompyuta moja inabeba majina mengi kirahisi hivi, tapeli naye anaweza kufungua majina kumi kwa jioni moja. Kufuli kwenye kivinjari kinakwambia njia ya kufika kwenye tovuti hiyo haisikilizwi na wengine. Hakikwambii mwenye tovuti ni mwaminifu. Vyeti vya kufuli vinatolewa bure siku hizi.

Soma jina kuanzia mwisho. Kwa majina yetu ya mfano, malipo.nazi.test ni chumba ndani ya nazi.test. Lakini nazi.test.zawadi.test ni mali ya mwenye zawadi.test, aliyebandika jina la nazi mbele ili jicho lako lidanganyike. Kwenye skrini ndogo ya simu jina refu huenda lisionekane lote, kwa hivyo gusa anwani uivute mpaka mwisho.

PIN yako huandikwi kwenye ukurasa wa tovuti hata siku moja. Huandikwa kwenye ujumbe unaotokea wenyewe kwenye simu yako. Ujumbe huo unataja jina la biashara, kiasi na akaunti. Kama ulikuwa unanunua nazi za 1,200 na ujumbe unataja biashara usiyoijua au kiasi kingine, ghairi. Muuzaji wa kweli ataona 1032 kwenye rekodi zake na atakupigia kukuuliza kama bado unazitaka.